Goti Chini ya Boriti

Jumatatu, 29 Agosti 1988

Nimerudi kutoka kwa Bi. Ilona Fekete. Mwanawe Gabor, mrushaji wa besiboli Marekani, amepigwa vibaya na wapigaji wa upande wa pili. Zamu ya kwanza alipita salama. Ya pili wakamkalia. Ya tatu kocha akapanda kile kilima kidogo cha mrushaji, akanyoosha mkono kuomba mpira, na Gabor akampa bila kumtazama usoni.

Mama yake alizima televisheni kabla hajafika benchi. Hapendi kumwona akishuka. Dishi alilonunuliwa na mwanawe limesimama uani, kubwa kuliko banda la kuku, na kila Gabor anaporusha mimi huvuka barabara na bakuli la figili zangu za kuchachusha. Yeye hupika kuku kwa pilipili nyekundu. "Hish, figili zako zinanuka soksi," husema, kisha hujipakulia tena. Leo hakusema. Tulikula kama watu waliotoka mazikoni.

Sikumwambia nilichokiona. Niandike hapa, basi.

Wapigaji hawakuugusa mpira wa kupinda. Mpira ule ndio uliompeleka Gabor ligi kuu. Hutoka mkononi ukipanda, mpigaji akadhani utapita juu ya kichwa chake, halafu unaanguka magotini pake. Kwa misimu miwili Wamarekani wenye mikono kama magogo wameufukuza kwa magongo yao na kukata hewa. Leo waliuacha upite. Waliuacha kwa utulivu — kama mtu aliyeshiba anavyouacha mkate mezani. Wakangoja mpira wa kasi, na ulipokuja walikuwa tayari.

Walijua. Kabla mpira haujatoka mkononi, walijua.

Nikalitazama goti lake la kulia. Lilikuwa linazama.

Jumanne, 30 Agosti

Asubuhi nimekwenda ghalani. Ni tupu sasa, limefagiliwa, linangoja mavuno. Harufu ya viazi vya mwaka jana haijatoka na haitatoka. Nusu ya jengo imechimbwa ardhini ili baridi isiingie, kwa hiyo dari ni fupi na boriti zinapita chini. Theluji ikiufunika mkoa mzima, humu maji hayagandi. Ndiyo maana Gabor alijifunza kurusha humu.

Mtoto wa California hurusha mwaka mzima juani. Mtoto aliyezaliwa huku ana kiangazi kifupi, na kikiisha anatafuta ghala la mtu. Gabor alikuwa bado shule alipokuja kuniomba nimdakie. Tulisogeza viazi pembeni tukapata njia ya katikati. Mimi nikachuchumaa na glavu mwisho wa njia. Rafiki yangu Shig akasimama mbele yangu na gongo begani — hapigi, anasimama tu, kijana azoee kumwona mtu pale.

Mpira wa kasi ulipita chini ya boriti bila shida. Wa kupinda, kwa kuwa hupanda kwanza, uligonga boriti. Ukagonga tena. Mbao ina makovu hadi leo. Gabor hakulalamika. Bila kufundishwa na mtu akaanza kuzamisha goti la nyuma, kidogo tu, auachie mpira kutoka chini zaidi. Ukapita! Tulishangilia kama wehu, wazee wawili na mtoto mmoja, katikati ya viazi.

Uwanjani hakuna boriti. Goti halikupata habari hiyo. Shig ndiye aliyeliona kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mahali pa mpigaji. "Likizama tu, najua kinachokuja," alisema. Tukafanya kazi kulinyoosha, na likanyooka. Lakini Gabor akichoka, msimu ukiwa ukingoni, goti linakumbuka ghala.

Wanaolijua ni watatu. Mmoja ni mwenye goti. Mwingine ni mimi. Wa tatu, Shigeru Enomoto, ni msaka vipaji wa klabu moja ya Marekani. Klabu iliyompiga Gabor jana ni hiyo.

Nimeandika, na sasa naona haya kwa kuandika. Shig ni ndugu yangu. Si wa damu. Tulikuwa watoto wa mtaa mmoja Vancouver serikali ya Kanada ilipotuondoa pwani pamoja na wazazi wetu, kwa sababu ya sura zetu za Kijapani, kwa sababu ya vita ambavyo hatukuvianza. Kwanza walitulaza kwenye mabanda ya mifugo. Halafu treni. Halafu huku Taber, Alberta, kwenye mashamba ya biti za sukari, watu wa samaki na mvua wakapewa majembe na upepo. Tuliruhusiwa kubeba vichache. Shig alificha glavu ndani ya sufuria ya wali ya mama yake.

Glavu moja, watoto wawili. Mmoja anarusha, mwingine anadaka, halafu tunabadilishana. Bado inaning'inia ghalani kwenye msumari, imekauka kama samaki.

Mtu niliyegawana naye glavu ile. Nitamshuku vipi?

Jumamosi, 3 Septemba

Amepigwa tena. Klabu nyingine, uwanja mwingine. Basi habari imeshasafiri.

Bi. Ilona aliniuliza kama Gabor ni mgonjwa. Nilisema amechoka. Si uongo.

Jumapili, 4 Septemba

Gabor amepiga simu baada ya chakula cha mchana. Sauti ndogo, kama ya mtu anayezungumza kabatini. Kuna mdakaji aliyewahi kucheza naye ligi ndogo, sasa yuko klabu ya Shig. Alimvuta kando kwa huruma akamwambia benchi lao lina neno. Goti likizama, mtu analiita, na mpigaji anasikia.

Nikauliza ni neno gani.

"Viazi," alisema. "Wanaita 'viazi', Mzee Hish. Nje ya Taber nani anajua habari ya mimi na viazi?"

Nilimwambia sijamwambia mtu. Hiyo ni kweli tupu. Jina la Shig lilinifika mdomoni nikalimeza. Mtu hamtaji ndugu yake kwa jambo kama hilo kabla ya kumwuliza ana kwa ana. Nikamwomba anipe siku chache. Nilisikia televisheni ya hoteli nyuma yake, watu wanacheka kwenye tangazo. Kisha akasema sawa.

Nimempigia Shig. Mkewe amesema yuko Saskatchewan, anatazama vijana. Nimeacha ujumbe kwamba ni mimi na kwamba ni muhimu.

Ijumaa, 9 Septemba

Wamemtoa kwenye orodha ya waanzaji. Anakaa benchi na kutafuna mbegu za alizeti. Bi. Ilona amesomewa kwa simu na dada yake gazeti la mji wa klabu ya Gabor: mtoto wa barafu ameyeyuka. Nadhani mwandishi aliitunza sentensi hiyo miaka miwili, akingoja siku ya kuitumia.

Siku ya kwanza Gabor alipoingia chumba cha kubadilishia nguo kule alikuta viatu vya kutelezea barafu vimening'inia kwenye kabati lake. Mmoja akamwuliza amewafunga wapi mbwa wake wa kuvuta sleji thelujini. Alicheka nao. Unacheka nao, ndiyo namna. Wetu akishinda wanasema ni ajabu, wapi alijifunza? Akishindwa wanasema, si tulijua, arudi kwenye mchezo wao wa magongo barafuni.

Shig naye alicheza kule. Msimu mmoja, miaka ya hamsini, ligi ya chini kabisa, mji wa vumbi ambao hakupenda kuutaja. Walimwita Mjapani wa Kanada, wakimfukuza kutoka sehemu mbili kwa mara moja. Aliporudi hakusimulia. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, Fumi, mke wangu, akampa chai, akasema, "Nitarudi kule, lakini kwa mlango mwingine." Akawa msaka vipaji. Wa kwanza mwenye sura yetu kuketi nyuma ya nyavu na kofia ya klabu ya ligi kuu. Nilijivunia. Bado sijui niyapeleke wapi majivuno hayo.

Hajanipigia.

Jumatatu, 12 Septemba

Bakuli langu limerudi tupu.

Kwa Bi. Ilona bakuli la jirani halirudi tupu. Hurudi na mayai, na kipande cha keki ya mbegu za popi, na wakati wa shida hurudi na kitunguu kimoja. Amefanya hivyo tangu mumewe alipokuwa hai. Leo nimelikuta kwenye ngazi ya mlango wangu, limeoshwa, limekauka, halina kitu ndani.

Nilivuka barabara. Alikuwa jikoni anamenya maharage. Hakunikaribisha kiti. Nilisimama mlangoni na bakuli langu kama mwombaji, na yeye akazungumza na maharage.

Alisema Shigeru alimpigia simu. Alizungumza naye kirefu, kwa masikitiko makubwa, na kabla ya hapo alikwisha kuzungumza na Gabor. Imemuuma, alidai, kusema kwamba siri ya goti ilitoka kwa Hish. Lakini Hish tangu afiwe na mkewe hana wa kuzungumza naye, kwa hiyo huzungumza na yeyote anayepita. Si alimpeleka mwandishi wa gazeti hadi ghalani? Si ilichapishwa? Shigeru hamlaumu. Uzee huo.

Ile habari ya gazeti! Majira ya kuchipua alikuja msichana mmoja mwandishi, mpole, viatu vyake havikufaa kwa matope. Nilimwonyesha ghala. Nilimwonyesha boriti na makovu yake. Nilimwambia mrushaji wa ligi kuu alijifunza humu. Leo nimeitoa habari hiyo kwenye droo nikaisoma neno kwa neno, miwani puani. Ghala limo. Viazi vimo. Boriti imo. Goti halimo. Sikulitaja goti, na hata yeye hangejua la kuuliza.

Nilimwambia Bi. Ilona hivyo.

"Nataka kukuamini, Hish," alisema. Sasa alinitazama. "Lakini ulimwambia mwanangu akupe siku chache. Mtu asiye na kosa anazitaka za nini?"

Zile siku nilimwekea Shig, heshima ya kuulizwa kwanza. Yeye alipata ujumbe wangu, akaelewa ni wa nini, akazitumia siku zangu kuniuza.

Fumi hakumpenda kamwe. Alisema Shig hula huku akitazama sahani ya mwenzake. Nilikuwa namwambia ni njaa ya zamani, ya miaka ile, wote tunayo. Akanijibu: "Wewe hutazami sahani yangu."

Alhamisi, 15 Septemba

Gabor hapokei simu. Leo amepokea mwenzake wa chumbani, kijana mwenye adabu, akasema Gabor ametoka. Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa. Nakijua kikohozi hicho. Nimekisikia kila majira ya baridi kwenye vumbi la viazi.

Nikimtaja Shig sasa, nitakuwa mzee anayejitetea kwa kumsingizia rafiki. Yeye amesema kwanza. Aliyelifunga fundo hili ndiye pekee anayeweza kulifungua.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimekwenda Lethbridge, anakoishi Shig.

Shig alikuwa bustanini, anafunga maua yake ya krisanthemamu kwenye vijiti ili upepo usiyavunje. Kofia ya klabu kichwani. Alinikaribisha kama siku zote. Akamwita mkewe alete chai. Akaniuliza habari za mgongo wangu, akaniuliza viazi mwaka huu vikoje, akasema baridi itawahi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza.

Hakukana. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kwa ajili ya uongo, nikajikuta nimeshika silaha zisizo na kazi.

Alisema ilianzia majira ya baridi yaliyopita. Klabu ina watu wapya, vijana wenye kompyuta na vifaa vya kupimia kasi ya mpira. Wameanza kuwaaga wazee, mmoja baada ya mwingine, kwa chakula cha jioni na saa ya mkononi. Walimwuliza: Kanada umetuletea nani? Na hakuwa na jina la kuwapa, kwa sababu jina alilokuwa nalo lilimponyoka.

Nalijua jina hilo. Mtoto wa Kimarekani, klabu humchagua kwa zamu, naye huenda alikochaguliwa. Wa kwetu hachaguliwi na mtu. Anasaini anapotaka. Ndiyo maana huku msaka vipaji huwa mgeni wa jikoni kwa mama kabla hajawa mgeni wa uwanjani kwa mtoto. Shig alikula kuku wa Bi. Ilona majira matatu ya baridi. Kila mtu Taber alijua Gabor ni wake. Halafu klabu nyingine ikamwahidi Gabor kumwanzisha upesi, naye akasaini huko, akamshukuru Shig kwa kumpa mkono. Kumbe wenzake Marekani walimcheka mwaka mzima. Mtoto amekulia chini ya pua yako, Enomoto! Hakuwahi kuniambia. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Basi mwezi uliopita meneja alimsomea kwenye simu majina ya warushaji watakaokutana nao. Alipofika kwa Fekete, Shig alisema mdomo wake ulifunguka wenyewe. Goti, boriti, viazi. Akasikia meneja anaandika. "Ni zamani sana tangu mtu aandike nilichosema," aliniambia.

Nikasema kile ni kitu cha ghalani. Hakuwa na haki ya kukitoa.

"Mimi ndiye niliyeliona goti lile," alisema. "Kabla yako. Kabla ya mwenyewe. Ni macho yangu, Hish. Nina kitu gani kingine cha kuuza?"

"Uliliona umesimama kwenye ghala langu na gongo usiloruhusiwa kulizungusha. Klabu haikukutuma. Mtoto ndiye aliyekuomba usimame."

Akafunga kijiti kingine. Fundo zuri, la mtu wa kwetu. Nikamwuliza la pili, lile nililoliogopa zaidi: na kumwambia Gabor kwamba ni mimi?

Hapo mikono yake ilisimama. Mkewe akatoka na chai, akaziona nyuso zetu, akageuka nayo akarudi ndani.

"Nilijua wewe atakusamehe," alisema Shig. "Mimi asingenisamehe kamwe."

Aliisema kana kwamba ananipa sifa. Na kibaya zaidi nadhani alikuwa ananipa sifa kweli.

Nikamwambia sitaki kitu kingine kwake, wala maua yake, wala chai, isipokuwa amwambie Gabor kwa mdomo wake. Alisema atafikiri. Nimeondoka. Kwenye barabara kuu niliegesha pembeni kwa sababu malori ya biti yalikuwa yananipita na mimi siyaoni.

Jumapili, 18 Septemba

Sikwenda hekaluni kwetu, kwa ibada ya Kibudha. Nimekaa ghalani na nimepata dawa ya goti. Naiandika ili nisiipoteze.

Tulikosea kulinyoosha. Goti lililozaliwa chini ya boriti halitanyooka. Basi lizame — lakini lizame kila mara. Mpira wa kasi nao urushwe kwa goti lililozama. Benchi waite "viazi" hadi wapotewe na sauti. Mpigaji asikie, angoje mpira wa kupinda, na wa kasi umpite kifuani.

Rahisi kiasi hicho. Ningempa leo kama angepokea simu.

Jumatano, 21 Septemba

Gabor yuko nyumbani. Klabu imesema bega lake linahitaji kupumzika. Bega lake halina kitu. Majira ya kuchipua ataanza upya, kugombea nafasi na vijana, na asipoipata atarudishwa ligi ndogo, na kutoka kule, kwa umri wake na pasipoti yake, watu hawarudi.

Gari lake lilikuwa kwa mama yake tangu asubuhi. Niliosha vyombo dirishani. Nikaviosha tena.

Alivuka alasiri. Amekonda. Alisimama nje ya uzio, mikono mfukoni, akaomba ufunguo.

"Sijaja kwako," alisema. "Nimekuja kwa ghala."

Nilimpa. Nikamwambia pale pale, juu ya uzio, habari ya goti: usilinyooshe, lizamishe kila mara. Nilitaka alipate hilo hata kama hatanisikiliza tena maisha yangu yote. Alisikiliza akitazama chini. Alipoinua kichwa nilimwona mrushaji akifikiri, macho yamesogea kidogo kushoto, kama zamani. Halafu akakumbuka ni nani anayemwambia, na uso ukafungwa.

Akasema kesho atajaribu. Akasema nikitaka naweza kumdakia, kwa kuwa hakuna mwingine.

Mkwe wangu anasema Jumamosi viazi vinaanza kuingia. Hatuna muda.

Alhamisi, 22 Septemba

Leo Waziri Mkuu amesimama bungeni Ottawa akasema tuliyofanyiwa wakati wa vita yalikuwa makosa. Nilisikiliza redioni jikoni. Nilijikuta nimevua kofia, sijui kwa nini, peke yangu jikoni. Simu haikupumzika. Binti yangu kutoka Calgary alilia hadi nikambembeleza mimi. Hekaluni watakutana jioni. Wazee watavaa tai.

Baba alitaka kuyasikia maneno yale na hakuyasikia. Alikufa bado anaeleza kwa nini mashua yake isingeweza kufanya upelelezi, ilikuwa inavuja. Nilidhani siku ikija nitafurahi zaidi, au nitakasirika zaidi. Nilisikia tu mtu anasema: ni sisi, tulikosea. Mbele ya watu, na majina yote mawili, la aliyekosa na la aliyekosewa. Miaka arobaini na sita! Kumbe sentensi yenyewe ni fupi.

Kisha akapiga Shig. Alikuwa analia.

"Umesikia, Hish? Wamesema. Kwa mdomo wao wenyewe."

Nilisema nimesikia. Akataka tukutane, tuchome ubani kwa wazazi wetu, mimi na yeye, waliobaki wa treni ile. Alisema, ndugu yangu. Nikamwacha alie, kwa sababu machozi yale yalikuwa ya haki na ni yangu pia. Halafu nikamwambia kwamba Gabor yuko ghalani, anarusha, na hana mtu wa kusimama na gongo.

Nilisikia anapumua. Kisha simu ikakatwa.

Sasa niko ghalani. Naandika kwenye sanduku la viazi lililogeuzwa, daftari gotini. Nilimdakia tangu alipokuja, hadi kiganja kikavimba na kukataa glavu. Ameegesha godoro kuukuu ukutani na anarushia huko. Anazama kila mara. Mpira wa kasi, goti chini. Wa kupinda, goti chini, unapita chini ya boriti kama unaijua njia. Kwa macho yangu siwezi kuitofautisha miwili hiyo. Nilimwambia. Ndiyo mara ya kwanza leo kunijibu zaidi ya neno moja.

"Wewe unatazama kutoka chini," alisema. "Kutoka chini huwezi kujua. Nataka mtu aliyesimama pale."

Nikasema huenda mtu atakuja.

Hakuuliza ni nani. Alitazama ukutani, lile gongo la zamani, na glavu iliyo kwenye msumari kando yake. Nadhani alianza kuhesabu watu wetu watatu, kama mimi nilivyowahesabu. Akarusha, kwa nguvu zaidi. Vumbi likatoka godoroni.

Gari limeingia uani. Naujua mlio wake. Injini imezimwa. Mlango wa gari haujafunguliwa.

Gabor amesimama na mpira mkononi. Ameuliza ni nani huyo nje.

Jina lilinifika mdomoni kama siku ile ya simu. Nimemwambia angoje, mwenyewe atasema.

Sasa mlango wa gari. Nyayo kwenye changarawe, polepole, za mtu mwenye viatu vizuri. Amevalia mkutano wa jioni, wa hekaluni. Zimefika. Mstari wa mwanga chini ya mlango wa ghala umekatwa na miguu miwili.

Gabor anaugeuza mpira kwenye vidole, anatafuta mshono, kama anavyofanya kabla ya kurusha. Anautazama mlango. Goti lake limenyooka.

Aliye mlangoni bado hajabisha.